Zebaki Haipotei: Kweli na Uongo Kuhusu Uchimbaji Haramu wa Dhahabu

Kuanzia Geita hadi Chunya, dhahabu inalisha familia nyingi, na hakuna mwenye haki ya kubeza jasho hilo. Lakini mialoni, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, sokoni na hata maofisini kuna maneno yamerudiwa mpaka yakazoeleka kuwa ukweli. Baadhi yake yanatuumiza. Tuyapime moja moja.

"Zebaki ikishachomwa, imekwisha."
UONGO. Mwaloni, mchenjuaji huchanganya zebaki na mchanga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kisha hukamua mchanganyiko huo ndani ya kitambaa kwa mikono mitupu. Hubaki kidonge cha rangi ya fedha, ambacho huwekwa juu ya jiko la mkaa mpaka kigeuke njano. Zebaki iliyotoka imekuwa mvuke usio na rangi wala harufu. Nyingine huingia mapafuni mwa aliyeinamia jiko na mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Nyingine hurudi na mvua mashambani na mitoni. Mikono kutetemeka na kusahausahau huja polepole, ndiyo maana wengi huona hawajadhurika.

"Maji yakiwa maangavu, samaki hawana neno."
UONGO. Bakteria wa kwenye tope huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, sumu inayopanda kutoka vijidudu hadi samaki wadogo, kisha samaki wakubwa wanaowala wenzao. Kupika hakuiondoi. Huko Minamata, Japani, taka za kiwanda zilitia sumu hiyo kwenye samaki wa ghuba. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na wapo akina mama walioonekana wazima lakini wakajifungua watoto walioathirika ubongo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013, umebeba jina la mji huo. Tanzania iliuridhia 2020.

"Sianidi husafisha marudio."
UONGO. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki, huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki. Sianidi haiyeyushi dhahabu peke yake. Huyeyusha pia zebaki iliyobaki na kuifanya isafiri kwa urahisi na maji. Mkataba wa Minamata unataka njia hiyo ikomeshwe pale ambapo zebaki haijaondolewa kwanza. Unataka pia watu waache kuchomea zebaki mahali pa wazi na kwenye makazi.

"Hasara ni ya kijiji chenye mashimo."
UONGO. Kuanzia mwaka 2003 wachimbaji haramu walivamia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, milima ya Usambara Mashariki, wakafukua kingo na vitanda vya vijito kutafuta dhahabu. Maji ya milima hiyo hulisha Mto Zigi, na Zigi ndio unaonywesha jiji la Tanga. Kijito kikifukuliwa huko juu, anayepokea tope ni mtu ambaye hajawahi kushika sururu.

"Mwenye leseni hana la kujibu."
UONGO. Leseni ya uchimbaji mdogo humtoa Mtanzania kwenye uharamu wa kuchimba, haimpi ruhusa ya kuchafua. Hata wakubwa hubanwa: mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa North Mara, Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusiana na uchafuzi kutoka bwawa la mabaki.

"Bila zebaki hakuna dhahabu."
UONGO. Meza za kutikisa hutenganisha dhahabu na mchanga kwa uzito wake. Na asiyeweza kuacha zebaki leo anaweza kuanza na kifaa kilichofunikwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena.

"Mkosaji ni aliye shimoni."
HAITOSHI. Anayeshuka duarani, yaani shimoni, mara nyingi ni kibarua anayelipwa mgao. Juu yake yuko aliyenunua mota na matimba ya kushikilia kuta za shimo, aliyeingiza zebaki kwa njia za panya, na anayenunua dhahabu bila kuuliza imetoka wapi. Msako ukiishia kwa vibarua, wiki ijayo shimo linapata vibarua wengine kwa fedha zilezile.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Tuitumie. Tuwaulize viongozi wetu zebaki inapita wapi, nani ameiuza, nani amefadhili shimo la hifadhini na nani atalifukia. Anayevuna faida ya dhahabu haramu ndiye anayepaswa kulipia mto alioharibu, kabla ya kibarua wake.