Kengele ya friza: Ujuzi mpya unaoweza kuokoa mtaji Mutakura

KWA muuza samaki wa Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, hasara haipigi hodi. Umeme ukikatika usiku akiwa amelala, mukeke walioganda huanza kuyeyuka, na asubuhi mtaji wa wiki nzima huuzwa kwa bei ya kutupa.

Chombo cha kumwamsha mapema kinaweza kuundwa mtaani hapo hapo, na kijana ambaye hajakanyaga chuo kikuu. Anachohitaji ni kujifunza kuunganisha kompyuta ndogo na vitu vya kawaida, ili kitu kihisi joto, mwanga au mguso, kisha kijibu kwa mlio, taa au ujumbe.

Ujuzi huu ulirahisishwa na bodi iitwayo Arduino, iliyobuniwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Wabunifu wake waliweka michoro wazi, hivyo viwanda vya China hutengeneza bodi zinazofanana nayo na kuziuza kwa bei nafuu zaidi.

Somo la kwanza ni kuwasha na kuzima taa ndogo. Kisha huja swichi, halafu kihisi. Nyaya huchomekwa kwenye ubao wa matundu bila kulehemu. Ukikosea unachomoa na kuanza upya. Programu huandikwa kwenye kompyuta na kuhamishwa kwa waya wa USB. Baada ya hapo bodi hufanya kazi peke yake.

Kwa friza, kihisi aina ya DS18B20 kilichofunikwa kwa chuma kisichopitisha maji kinatosha, kwani hupima hadi nyuzi 55 chini ya sifuri. Bodi huagizwa ilie joto likivuka kiwango kilichowekwa. Ikiongezewa kifaa chenye laini ya simu, hutuma meseji. Sharti moja ni kwamba itumie betri, la sivyo umeme ukikatika nayo itazimika.

Vipo vituo vya kujifunzia kwa vitendo katika ukanda, kama Buni Hub jijini Dar es Salaam na Gearbox jijini Nairobi. Lakini anayejifunzia Mutakura anahitaji kwanza vipuri, na hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, jambo lililoongeza umuhimu wa njia ya Kobero, mpakani na Tanzania. Bodi na vihisi ni vyepesi. Seti kadhaa hukaa kwenye kona ya begi.

Tahadhari ni ushuru. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mizigo isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Bodi ya China haihesabiwi humo hata ikinunuliwa Kariakoo. Uliza kiwango cha ushuru kabla ya kununua, tunza risiti, na tangaza mzigo forodhani.

Fundi simu wa mtaani tayari anajua kulehemu na kupima umeme. Anachokosa ni vipuri na mteja wa kwanza. Mfanyabiashara mwenye friza anaweza kumpatia vyote viwili.