Kujifunza Sarufi ya Kiingereza Mtandaoni: Nafasi ya Sarufi ya Kiswahili kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu nchini Kenya haandiki Kiswahili peke yake. Anayesomea ualimu huwa na somo la pili, aghalabu Historia, Jiografia au Elimu ya Dini, na somo hilo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kozi za saikolojia ya elimu na stadi za mawasiliano nazo ni vivyo hivyo. Barua ya kuomba kazi na fomu ya kuomba ufadhili huandikwa kwa lugha iyo hiyo. Ndiposa si ajabu kumkuta mwanafunzi awezaye kuchanganua sentensi changamano ya Kiswahili kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale bila kusita, ilhali anapoteza alama katika insha ya Historia kwa sababu ya njeo na vibainishi vya Kiingereza. Makala haya yanaangazia mahali anapokimbilia mwanafunzi huyo siku hizi, yaani mtandaoni, na kueleza ni kwa nini mafunzo ya huko humfaa kwa kiasi tu, na ni kwa namna gani sarufi ya Kiswahili aliyo nayo tayari inaweza kumfikisha mbali zaidi.

Hadi mwaka 2009 intaneti nchini ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifikishwa Mombasa, na hali ikaanza kubadilika. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kutokana na janga la korona, hata mwanafunzi aliyekuwa akisitasita alijikuta akisomea kwenye rununu. Leo anaweza kufungua, pasi na malipo ila ya data, kurasa za kituo cha uandishi cha Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, kilichoanza kuweka mafunzo yake mtandaoni mwaka 1994, au mazoezi ya British Council na ya BBC. Mafunzo haya yana ubora wake. Kanuni huelezwa kwa ufupi, zoezi hufuata, na jibu hutolewa papo hapo bila mtu kuaibika mbele ya wenzake.

Tatizo ni kwamba yameandikiwa msomaji ambaye lugha yake haijulikani. Mchina, Mbrazili, Mwarabu na Mkenya husoma ukurasa mmoja. Mwandishi wa ukurasa huo hana njia ya kumwambia kila mmoja wao kosa lake linatoka wapi. Humwonyesha tu lililo sahihi.

Uhawilishaji na makosa

Katika kitabu chake cha mwaka 1957, Linguistics Across Cultures, Robert Lado alishikilia kwamba vipengele vya lugha lengwa vinavyofanana na vya lugha ya mwanafunzi humwia rahisi, na vinavyotofautiana humwia vigumu. Madai hayo yalikosolewa baadaye, tena kwa haki. Mtoto aliyezaliwa katika Kiingereza chenyewe hupitia kipindi cha kusema "goed" mahali pa "went", na kosa hilo halikutoka katika lugha nyingine yoyote; ni kanuni iliyopanuliwa kupita mipaka yake. S. Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967, aliyatazama makosa kama ushahidi wa mfumo ambao mwanafunzi anaujenga akilini. Wanafunzi wa isimu huyakariri majina haya mawili kwa ajili ya mtihani. Ni wachache wanaoyageuzia makosa yao wenyewe.

Huenda msomaji akauliza: mbona Kiswahili, na wengi wa wanafunzi wetu lugha yao ya kwanza ni Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo au Kikalenjin? Swali ni la haki. Mzungumzaji wa Kijaluo hakulelewa katika mfumo wa ngeli. Lakini sarufi ya lugha ya kwanza huwa imekaa kichwani bila majina. Hakuna aliyemfundisha mwanafunzi kuitaja. Sarufi ya Kiswahili amefundishwa darasani tangu shule ya msingi, akaijibu katika mitihani ya kitaifa, na sasa anaisoma kwa kina. Ndiyo sarufi pekee ambayo wanafunzi hawa wote wanaweza kuizungumzia kwa istilahi zilezile, na kwa sababu hiyo inafaa kuwa kipimo.

Sentensi za masharti

Hakuna mahali panapodhihirisha jambo hili kama sentensi za masharti. Kurasa za mtandaoni huzigawa katika aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwanafunzi huzikariri kama fomula za hisabati. Baada ya wiki moja zinachanganyika. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya fomula, maadamu anazo -ki-, -nge- na -ngali-.

Tuchukue "Nikimwona nitamwambia". Kiambishi -ki- hakibebi wakati ujao. Wakati ujao umo katika kishazi cha pili tu. Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo: "If I see him, I will tell him". Hapa lugha mbili zinakwenda sambamba, na aliyeiegemea -ki- hatakosea. Anayeandika "If I will see him" huenda ameanzia kwenye "Kama nitamwona", muundo ambao Kiswahili unauruhusu na Kiingereza hakiuruhusu katika maana hiyo. Dawa yake ni nyepesi: aigeuze "kama" kuwa -ki- kichwani kabla ya kuandika.

Mambo hubadilika tufikapo -nge-. "Ningekuwa na pesa ningenunua kitabu" ina kiambishi kimoja katika vishazi vyote viwili. Tena mwalimu wa shule ya upili alilisisitiza hilo: -nge- na -nge-, -ngali- na -ngali-, usivichanganye. Ulinganifu huo ndio unaomponza mwanafunzi. Akiingia katika Kiingereza huutafuta tena, akaandika "If I would have money, I would buy a book". Kwa kuwa "would" imekaa vizuri katika kishazi cha pili, anaona ni haki ikae na katika cha kwanza. Kiingereza sanifu hakitaki hivyo. Kishazi cha sharti hubeba umbo la wakati uliopita: "If I had money, I would buy a book".

Ukurasa wa mtandaoni humwambia kwamba "had" ni wakati uliopita, naye anashangaa, kwa maana pesa anazozikosa ni za leo. Maelezo yanayomfaa ni haya: Kiswahili kina kiambishi maalumu cha kuonyesha kuwa jambo haliko katika uhalisia, Kiingereza hakina, na hivyo huazima umbo la wakati uliopita na kulitwika kazi hiyo. "Had" hapa haisemi jana. Inafanya ile kazi ya -nge-. Kwa -ngali-, umbali huongezwa kwa hatua moja: "If I had had money, I would have bought a book". Ile "had had", ambayo wengi hudhani ni makosa ya chapa, hueleweka mara moja mtu akiiweka kando ya "ningalikuwa na". Ni kweli kwamba katika matumizi ya kila siku -nge- mara nyingi hufanya kazi ya zote mbili, lakini mwanafunzi anayeijua kanuni ya darasani ana ngazi mbili zilizo wazi, na Kiingereza kinazidai zote mbili.

Kiambishi -me-

Walimu wengi hutafsiri -me- kwa "has" au "have", na vitabu vya shule vimeuzoea mtindo huo. Kwa "amefika" hakuna tatizo. Kwa "mtoto amelala" lipo. Mkenya anayeandika "The child has slept" akikusudia kwamba mtoto yuko usingizini wakati huu, ametafsiri kiambishi bila kutafsiri kitenzi. Vitenzi kama lala, simama, keti, vaa, choka na iva huonyesha kuingia katika hali fulani, na -me- inapojiunga navyo hueleza hali ambayo ingalipo. Kiingereza hutumia njia nyingine kabisa: amelala, "is asleep", amesimama, "is standing", amevaa, "is wearing", ndizi imeiva, "the banana is ripe". Mwanafunzi ajiulize kama -me- katika sentensi yake inaeleza tukio lililokamilika au hali iliyopo. Jibu ndilo litakalomchagulia umbo la Kiingereza.

Aidha, katika mazungumzo husikika "Amefika jana", ingawa mwalimu wa sarufi angependelea "Alifika jana". Kiingereza hakina uvumilivu huo: "has arrived yesterday" ni kosa. Lakini hata wenye lugha hawakubaliani juu ya kila kitu. Kwa "nimeshakula", Mwingereza hupendelea "I have already eaten", na Mmarekani husema pia "I already ate". Mwanafunzi anayesoma ukurasa wa Marekani asubuhi na wa Uingereza jioni anaweza kudhani yeye ndiye asiyeelewa.

Vibainishi na mengineyo

Husemwa mara kwa mara kuwa Kiswahili hakina "a" wala "the", na kwamba ni lazima mwanafunzi aanze upya. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli, ya pili imetiwa chumvi. Linganisha "Nilisoma kitabu" na "Nilikisoma kitabu". Kiambishi cha yambwa -ki- kinamfahamisha msikilizaji kwamba kitabu chenyewe kinajulikana, na tafsiri iliyo karibu ni "I read a book" kwa ya kwanza na "I read the book" kwa ya pili. Kielezo "kile" kikitangulia nomino, kama katika "kile kitabu", hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo dhana ya ujulifu mwanafunzi anayo tayari. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa viumbe wenye uhai, kwani husemwa "Nilimwona mtu" hata kama mtu huyo hajulikani. Wala hakitamweleza kwa nini Mwingereza husema "in hospital" na Mmarekani "in the hospital". Hayo ni ya kukariri.

Kiambishi hicho hicho cha yambwa huzua kosa jingine. Katika "kitabu nilichokinunua" kuna -cho- ya urejeshi na -ki- ya yambwa, zote zikirejelea kitabu. Anayezitafsiri zote huandika "the book which I bought it". Kuhusu nomino, anayeandika "equipments" ana "vifaa" akilini, na anayeandika "her hairs are long" anaitii "nywele zake ni ndefu", ambayo katika Kiswahili ni wingi halali wa "unywele". Kihusishi "about" katika "discuss about" yaelekea kimetokana na "kujadiliana kuhusu". Vihusishi kwa jumla vingehitaji makala yake, kwa kuwa -ni ya mahali hubeba maana ambazo Kiingereza huzigawa kwa maneno kadhaa: kitabu kilicho mezani kiko "on the table", na walaji walio mezani wako "at the table".

Mashine inaposahihisha

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, wanafunzi wengi hawafungui tena ukurasa wa sarufi. Hubandika insha nzima, nayo hurudi ikiwa safi. Ile "it" ya ziada imeondolewa, "would" imekuwa "had", na mwanafunzi hajui ni kipi kilichobadilika. Katika chumba cha mtihani, mbele ya karatasi na kalamu, "would" hurejea mahali pake pa zamani. Isitoshe, kuna hatari ya kushukiwa bure. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani programu hizo ziliziita zaidi ya nusu ya insha hizo kazi ya mashine. Wahadhiri wanaozitegemea programu kama hizo wangefanya vyema kulikumbuka tokeo hilo kabla ya kumwita mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu.

Mashine inaweza kuwa na manufaa ikitumiwa kwa mpangilio mwingine. Mwanafunzi aandike kwanza, aombe aonyeshwe makosa pekee bila kusahihishiwa, kisha kando ya kila kosa aiandike sentensi ya Kiswahili iliyokuwa akilini mwake. Asiiulize mashine ufafanuzi wa Kiswahili na kuuamini papo hapo. Huweza kuichanganua -me- au -ngali- kimakosa kwa sauti ya uhakika kabisa, na hapo mwanafunzi wa idara ya Kiswahili ndiye mwenye uwezo wa kuikosoa. Baada ya insha tatu au nne ataona kwamba makosa aliyodhani ni mengi yanatoka katika vyanzo vichache: huyu -nge-, yule -me- ya hali, mwingine kiambishi cha yambwa. Orodha za wanafunzi wa darasa moja zikiwekwa pamoja, chama cha wanafunzi kinaweza kutunga mazoezi yake chenyewe ya sarufi ya Kiingereza, yenye maelezo ya Kiswahili, na kuyaweka mtandaoni kando ya yale ya Purdue na British Council, kwa ajili ya wale watakaojiunga na chuo mwaka ujao.