Tuta la mwisho, mzuge kipa ukiwa na akiba

FAINALI ya kugombea mbuzi ikichezwa Nyamongo au Sirari wilayani Tarime, au Mugumu kule Serengeti, dakika 90 zikiisha kwa sare hakuna anayetaka kusikia habari za muda wa nyongeza. Giza linaingia, uwanja hauna taa na watu wanawahi bodaboda. Ni matuta tu.

Hapo ndipo anapotafutwa mtu wa tuta la tano. Akishaweka mpira kwenye doa la majivu, kichwani ana swali moja: apige kweli, au amzuge kipa?

Wacheza karata wanalijua sana swali hili. Kwenye poka, dau la mwisho likifika hakuna karata nyingine inayokuja kukuokoa. Mkononi huna kitu, lakini unaweka dau kubwa ili mwenzako aogope na kukuachia. Akikushtukia, umeliwa.

Kwenye soka zuga hiyo ina jina la mtu. Juni 20, 1976, Belgrade, Antonin Panenka wa Czechoslovakia aliukimbilia mpira kama anataka kuchana nyavu. Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi akaruka pembeni. Panenka akaunyanyua taratibu katikati. Matuta 5-3, ubingwa wa Ulaya.

Kila mtu anakumbuka ufundi ule. Hesabu yake ndiyo inayosahaulika. Uli Hoeness alikuwa ametoka kupaisha tuta la nne la Wajerumani, ubao ukisoma 4-3. Panenka angekosa, timu yake isingekuwa imepoteza, kwani Wajerumani wangelazimika kwanza kufunga tuta lao la tano ili kusawazisha. Alizuga akiwa na akiba mfukoni.

Sebastian Abreu naye hivyohivyo. Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia iliyowaliza Waafrika wote, Uruguay iliongoza matuta 3-2 na Ghana ilikuwa imebakiza moja. Abreu akaunyanyua katikati, Richard Kingson akiwa ameshakwenda pembeni. Biashara ikaisha 4-2.

Sasa mtazame Ademola Lookman, Novemba 2020 akiwa Fulham. Timu imefungwa 1-0 na West Ham, ni dakika ya nane ya nyongeza, penalti ndiyo kila kitu. Akanyanyua kimpira laini, Lukasz Fabianski akaudaka. Kosa lake si kuthubutu. Alithubutu wakati hana pa kuangukia.

Kwa upande mwingine, makipa wenyewe wanawapa wapigaji sababu ya kujaribu. Watafiti wa Israel walipitia penalti 286 na kukuta makipa walibaki katikati kwa asilimia 6 tu. Anayeruka akafungwa anaambiwa amejitahidi, lakini anayesimama mpira ukapita pembeni anaonekana mzembe. Sasa weka goli lisilo na nyavu, mashabiki wako hatua mbili nyuma ya kipa wanamporomoshea maneno. Nani atathubutu kusimama?

Ila kipa wa Nyamongo anaweza kuwa na silaha ambayo Kingson hakuwa nayo. Mpigaji anamjua vizuri. Wamecheza wote UMISSETA, wanakutana mnadani. Kama mwaka jana jamaa alimzuga mtu, habari imeshafika, na mwaka huu kipa atamsubiri palepale. Anayefaa kuzuga ni yule ambaye miaka mitatu mfululizo amepiga shuti kali kona ileile mpaka kijiji kizima kimezoea.

Kuna na suala la uwanja, ambalo wataalamu wa kwenye televisheni hawalijui. Doa likishachimbika, kidole hakiingii vizuri chini ya mpira. Badala ya kupaa unatambaa, na hata kipa aliyelala anautoa kwa mguu.

Na sheria nayo. Kusitasita wakati unakimbilia mpira ni ruksa. Ukishafika mpirani ukajifanya unapiga kisha ukasimama, hiyo ni kadi ya njano, na kwenye matuta unahesabiwa umekosa.

Makipa nao wanazuga. Bruce Grobbelaar wa Liverpool alilegeza miguu kama mlevi kwenye fainali ya Ulaya mwaka 1984 mjini Roma, Francesco Graziani akapaisha. Siku hizi kanuni zimembana kipa anayemvuruga mpigaji, lakini presha haijaondoka. Agosti 13, 2023, Mkwakwani Tanga, Ally Salim wa Simba alipangua matuta matatu ya Yanga kwenye Ngao ya Jamii, Simba ikashinda 3-1. Timu yako ikiwa nyuma namna ile, kuunyanyua katikati ni kujitafutia matusi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo kocha wa kijiji anayepanga wapigaji wake asiishie kuuliza nani ana moyo. Mwenye mashuti apige akiwa nyuma au sare. Mjanja wa kuzuga awekwe pale ambapo hata akikosa, kipa wao bado ana tuta moja la kuokoa.

Mbuzi muda wote huo yupo kando ya uwanja, kamba shingoni.