Mkono uliokakamaa baada ya kiharusi

NILIRUDI Burundi kutoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2018, nikaanza kununua mahindi Kabanga, upande wa Tanzania, na kuyauza Muyinga. Mwaka uliofuata kiharusi kikaniangusha. Mguu ulipona kiasi cha kutembea. Mkono wa kulia ulilegea kwanza, kisha ukajikunja: kiwiko kifuani, ngumi imefumba, kucha zinachoma kiganja.

Mjomba aliuvuta kwa nguvu ili unyooke. Bega likauma mwezi mzima.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifumbua macho. Ubongo ukiumia, alisema, misuli hukosa wa kuituliza, hukaza yenyewe. Alimfundisha mke wangu kukunja kifundo cha mkono kwanza, kwani hapo vidole hulegea. Kisha kuvifungua polepole, kuosha kiganja na kukikausha. Kila siku, bila kukurupuka. Siku mkono ukikaza kuliko kawaida, tutafute sababu: kidonda, choo kigumu au maambukizi ya mkojo.

Daktari aliongeza vidonge vya baklofeni. Vililegeza, ila nilisinzia hadi kwenye mizani! Hakuna aliyeniambia kwamba haviachwi ghafla. Mwaka 2022 vilinimalizikia ng'ambo, lori likiwa limekwama. Siku ya pili mkono ulikaza kama chuma, nikaona watu wasiokuwapo, usiku nikapata degedege. Katika zahanati waliniuliza natumia dawa gani. Sikuwa na hata pakiti tupu.

Ewe unayevuka mpaka, beba vidonge vya siku za ziada pamoja na pakiti yake. Ukitaka kuviacha, daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

Ipo pia sindano ya botulinamu, inayochomwa kwenye msuli wenyewe uliokaza. Hulegeza kwa takriban miezi mitatu, kisha hurudiwa. Ni ghali, na kwetu vijijini haipatikani. Tena hairudishi nguvu zilizopotea. Hufungua nafasi ya kufanya mazoezi, kuosha kiganja na kuvaa shati bila maumivu. Kiungo kikishaganda kabisa, madaktari huweza kufikiria upasuaji wa kurefusha kano.

Mimi sindano sikuimudu. Nimebaki na vidonge na mikono ya mke wangu, asubuhi na jioni. Leo mkono wa kulia unabana mdomo wa gunia, wa kushoto unafunga kamba.