Dhahabu hairudi shimoni: jibu limetoka kwenye nyota

Ndugu wachimbaji, mama zetu wa kutwanga mawe, na watoto mnaosoma gazeti hili kwa ajili ya wazazi,

Kwenye mikutano ya sendika yetu kuna swali moja ambalo halikosi. Shimo likiisha, mtu anasimama na kuuliza: «Bakubwa, tukiacha hii shimo miaka kumi, dhahabu haitarudiaka?» Wazee wengine wanajibu kwamba itarudi, ati dhahabu inazaa chini ya udongo kama muhogo. Sisi tumelijibu mara nyingi kwa kubahatisha. Leo tunataka kulijibu sawa sawa, kwa sababu jibu lipo. Lilipatikana juu angani, na hadithi yake inaanzia kwetu Kongo.

Bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945 lilitengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani hiyo ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Waliochimba ni wachimbaji kama sisi. Baadaye mataifa makubwa yakaendelea kulipua mabomu ya majaribio, mpaka mwaka wa 1963 yakatia sahihi mkataba wa kuyakataza hewani, majini na katika anga za juu. Lakini kutia sahihi ni jambo moja, kuaminiana ni jambo lingine. Marekani ikarusha satelaiti zinazoitwa Vela, zichungulie kama kuna anayelipua kwa siri. Bomu la namna hiyo linatoa miali ya gama, ambayo ni ndugu ya ile miali ya radio ya hospitali inayoonyesha mifupa, ila yenyewe ina nguvu kupita.

Tarehe 2 Julai 1967 Vela zikashika mmweko wa gama. Ulipochunguzwa, haukufanana na bomu. Mingine ikafuata, na mwaka wa 1973 wanasayansi wakatangaza kwamba haitoki duniani wala kwenye jua. Walikuwa wanatafuta mwizi, wakakuta kitu ambacho hakuna aliyekiwaza.

Kwa nini inahitaji satelaiti? Kwa sababu ya hewa. Hewa inayotufunika inazuia miali ya gama isitufikie, na hiyo ni heri yetu, maana miali hiyo inaharibu mwili. Anayetaka kuiona lazima apandishe chombo juu ya hewa.

Mmweko wa gama uko wa aina mbili. Kuna mirefu, inayokaa zaidi ya sekunde mbili, pengine dakika nzima. Na kuna mifupi, isiyofika sekunde mbili. Ile mifupi iliwasumbua wataalamu sana. Kabla mtu hajasema «angalia pale», umekwisha, na hakuna anayejua ulitoka wapi.

Ndiyo sababu tarehe 20 Novemba 2004 satelaiti Swift ikarushwa. Mbele yake ina ubao wenye vipande zaidi ya 50,000 vya risasi, ile metali nzito tunayoiita plomb, vimetawanywa bila mpango. Gama ikipiga, vipande vinatupa kivuli kwenye chombo kilicho nyuma, na kivuli kinaonyesha upande ilikotoka. Ni kama vile unavyojua jua liko wapi kwa kutazama kivuli cha mti. Kisha Swift inajigeuza yenyewe, bila kungoja amri ya mtu, na kwa muda wa dakika moja hivi darubini zake nyingine zinakuwa zimeelekea pale pale.

Tena habari zake zinashukia Afrika. Swift ikipita, inateremsha kazi yake kwenye antena za Malindi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha Waitalia. Hapo Malindi si pageni kwa kazi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na hapo, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalum kwa kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Kiswahili chetu kimeshafika angani zamani.

Tarehe 9 Mei 2005 Swift ikashika mmweko mfupi, mfupi hata kuliko kupepesa jicho, ikajigeuza, ikakuta joto lake halijapoa. Kwa mara ya kwanza watu wakapata mahali mmweko mfupi ulipotokea: karibu na kundi la nyota zilizozeeka. Wakaanza kuwaza kwamba mimweko hii inatoka kwa nyota zilizokufa zikigongana. Nyota kubwa ikifa inaweza kujibana mpaka mzigo unaopita jua letu unaingia ndani ya upana wa kilomita 20 hivi. Inaitwa nyota ya nyutroni. Lakini kuwaza si kuthibitisha. Alikosekana shahidi wa pili.

Shahidi huyo akaja siku ya Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2017. Ilikuwa saa nane na dakika 41 mchana kwa saa ya Bunia. Mitambo ya LIGO huko Marekani, pamoja na Virgo ya Italia, ilipima mtikisiko wa anga lenyewe, kama vile aliye chini ya shimo anavyosikia udongo ukitetemeka kabla hajaona kitu. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zinazungukana, zikagongana. Sekunde 1.7 baadaye satelaiti nyingine, Fermi, ikashika mmweko mfupi wa gama. Fikirini: habari hizo mbili zilisafiri miaka milioni 130, zikafika zikipishana sekunde 1.7!

Saa 11 hivi baadaye, darubini moja huko Chile ikaona mwanga mpya pale pale. Rangi ya mwanga huo, na namna ulivyofifia, ilionyesha kwamba metali nzito zilikuwa zinazaliwa. Katika kundi hilo la metali ndimo dhahabu inamozaliwa, na hata urani ya Shinkolobwe. Wataalamu bado wanabishana kama kuna viwanda vingine vya dhahabu angani. Ila hiki kimeonekana kikifanya kazi.

Basi, jibu letu ni hili. Dhahabu ya Mongbwalu haikuzaliwa Mongbwalu. Ilizaliwa katika mambo makali ya nyota kabla dunia haijakuwa, ikaingia humu dunia ilipoumbwa, miaka bilioni 4.5 iliyopita. Maji ya moto yaliisukuma kwenye nyufa za mawe, mito ikaosha sehemu yake. Udongo hauwezi kuitengeneza tena. Punje ikishatoka, imetoka. Kinachobaki ni bei uliyolipwa.

Na hapo ndipo tunapolia. Mama mmoja wa kutwanga mawe alituletea malalamiko mwaka jana. Mnunuzi alimpimia kwa njiti za kiberiti. Tukaomba punje zile zile zipimwe kwenye mizani ya pili kabla hajapokea pesa. Tofauti iliyotokea ilitosha kununua daftari za mtoto wake za muhula mzima. Mnunuzi alicheka, akasema: «Mama, mizani inakosaka.» Lakini mbona ilikosa upande wake tu?

Wanasayansi, pamoja na vyombo vyao vyote, hawakumwamini shahidi mmoja. Walingoja wawili wakubaliane. Sisi nasi tufanye hivyo. Usiuze kwa mizani moja. Pima mbele ya mwenzako, pima mara ya pili kwingine, andika grama kwenye daftari, na tarehe. PDG wa shimo akikukatia sehemu yako, naye aione daftari hiyo. Delege wa sendika yupo kwa kazi hiyo, mwiteni.

Na mzee akisema dhahabu itarudi, mjibuni kwa heshima: «Hapana, muzee. Hairudiaka. Ndiyo maana tunaipima mara mbili.»