Kabla Hujamnunulia Kijana Riwaya

Chukua Sh 30,000. Kwa mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto wa kidato cha pili, hiyo ni hela ya riwaya moja mpya ya Kiingereza iliyoletwa kutoka nje, ile yenye jalada la kung'aa na filamu yake tayari, na pengine isitoshe. Upande wa riwaya za Kiswahili utapata mbili, mara nyingine tatu, kutegemea unene na mchapishaji. Kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza mali pembeni mwa barabara katikati ya jiji, unaondoka na rundo.

Ila bei ya dukani ni nusu tu ya hesabu. Kitabu cha Sh 8,000 kilichoachwa ukurasa wa kumi na mbili ni ghali kuliko cha Sh 20,000 kilichosomwa na kijana, dada yake na nusu ya bweni. Kwa hiyo mtazame msomaji kabla ya kutazama mfuko.

Kwa kijana asiyependa kusoma, sianzi na Shaaban Robert, pamoja na heshima zake zote. Naanza na mauaji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, inamleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja anayefikiri zaidi kuliko anavyokimbia. Kasoro yake kwa kijana wa leo ni lugha: Kiswahili cha Unguja ya zamani kitamkwaza wa bara kurasa za mwanzo. Anayetaka mbio na bastola atamfurahia zaidi Willy Gamba wa Elvis Musiba. Humo kuna ulevi na wanawake wa kutosha, basi pitia kwanza wewe mwenyewe, hasa kama mtoto hajafika miaka kumi na tano.

Kwa wa rika la kati, kama nina hela ya kitabu kimoja tu, nanunua Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kijana Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Safari, fedheha, kusingiziwa, bahati: kila sura inamvuta msomaji aingie inayofuata, na Kiswahili chake ni kitamu bila kujikweza. Nimewaona walioapa kwamba hawapendi vitabu wakikimaliza.

Kuna mtego mmoja ambao wazazi wengi huingia kwa nia njema, nao ni kununua kitabu cha mtihani na kukihesabu kama zawadi. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Takadini ya Ben Hanson na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari kwa miaka mingi zimekuwa kwenye orodha ya sekondari, ndiyo maana zinapatikana kirahisi na kwa bei nafuu. Ni hadithi nzuri, hasa ile ya Mbogo kuhusu watoto wa muuza chakula wanaomezwa na mitaa ya Dar. Lakini mtoto akishajua kwamba ataulizwa dhamira na ujumbe, anasoma kwa kuwinda majibu. Ukizinunua mtumba ni balaa zaidi: mwenye nakala wa kwanza ameshapiga mistari na kuandika pembeni nani ni mhusika mkuu na nani atakufa.

Wengine hukimbilia kutoa kopi. Tupige hesabu. Riwaya ya kurasa 200, kurasa mbili kwenye karatasi moja, ni karatasi 100. Kwa Sh 100 kila moja, hiyo ni Sh 10,000, kabla hujalipia kubaindi. Umefika bei ya kitabu halisi, umepata rundo linaloachana baada ya wiki tatu, na mwandishi hajapata hata senti. Sielewi kwa nini steshenari bado zina foleni ya kazi hiyo.

Maktaba ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Usitegemee riwaya zilizotoka mwaka huu. Tegemea kumjua mtoto wako: mwache aazime vitano, avitupe vitatu bila wewe kupoteza kitu, kisha nenda dukani kununua cha mwandishi yule aliyemkamata.

Kwa ndugu wa Kenya hesabu ina kodi ndani yake. Tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013, vitabu hutozwa asilimia 16, kwa hiyo riwaya ya KSh 600 imebeba kama KSh 83 za serikali. Si ajabu kwamba wasomaji wa Nairobi wamezoea kuinama kwa wauzaji wa kando ya barabara.

Wenye miaka kumi na sita kwenda juu hawataki tena kufichwa mambo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni, na sababu utaziona mwenyewe. Mimi ningempa binti wa kidato cha nne, lakini baada ya kuisoma mwenyewe, nikiwa tayari kujibu maswali yake mezani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ina faida ya filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021: kitabu kwanza, filamu baadaye, na mabishano ya nani kaharibu nini ni ya bure.

Cha mwisho ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapoondolewa kwao kufidia deni la baba yake. Ni kitabu kizito, cha kusomwa taratibu, na hakimfai anayeanza. Hicho ningekinunua kipya, na ndani ningeandika jina la familia badala ya jina la kijana, kwa sababu nami nataka zamu yangu.