Kivu ya Kusini: Kasiksi inaharibikia wapi kabla ya kufika sokoni?

Huko Kabare, Walungu na Kalehe, jimboni Kivu ya Kusini, wamama wengi wanalipa minervali na kununua chumvi na sabuni kwa feza ya kasiksi, pombe ya ndizi. Ikiharibika, hasara ni mara mbili: ndizi zimekwisha, na mtaji wa kununua zingine haupo tena. Lakini kasiksi haiharibiki bure. Kila kosa linaacha alama yake.

Alama ya kwanza inaonekana wakati wa kukamua. Ndizi zikikandwa na majani na maji yakakataa kutoka, mara nyingi zilitolewa shimoni mapema. Ndizi mbichi ina wanga. Ni kuiva ndiko kunageuza wanga kuwa sukari, na bila sukari hakuna pombe. Kwa kawaida zinakaa shimoni siku 3 hadi 6, na zaidi wakati wa baridi. Zikiiva kupita kiasi zinakuwa uji, na maji yanakwama ndani.

Pengine shida ilianzia shambani. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, unaivisha ndizi kabla ya wakati: kwenye mkungu mmoja zingine ni njano, zingine bado kijani. Ukizikata, ndani kuna rangi ya kutu. Hizo hazifai kwa pombe. Na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kinapeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima, kwa hiyo kipitishwe kwanza kwenye moto.

Alama ya pili: kesho yake pombe imenyamaza, haitoi povu. Mara nyingi ni baridi, kwani chachu inalegea usiku wa milimani. Mtumbwi wa pombe uwekwe ndani ya nyumba na kufunikwa vizuri na majani ya mgomba. Pombe ikichacha lakini ikabaki nyepesi, maji yalizidi. Ikiwa chungu, huenda mtama uliungua wakati wa kukaanga.

Alama ya tatu ndiyo inayotisha wauzaji: ukali wa siki, yaani vinegre. Bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wanahitaji hewa, na wanajificha ndani ya nyufa za mtumbwi na bidoni zisizooshwa. Vyombo vyote visuguliwe, mtumbwi umwagiwe maji ya moto, kisha vikauke juani. Pombe isikae ndani ya bidoni nusu tupu kwa siku nyingi. Lakini ikiwa bado inatoa povu, kifuniko kisikazwe, kwani gesi inaweza kupasua bidoni.

Wengine wanaongeza sukari ili kuficha ukali. Sukari inafunika ladha kwa muda mfupi, lakini pombe iliyokwisha kuwa siki hairudi kuwa pombe. Yenye ukungu au harufu ya kuoza imwagwe, isichanganywe na mpya, kwani itaiharibu nayo.

Kwa mama mwenye mtaji mdogo, ni heri kugawa maji ya ndizi ndani ya vyombo viwili vilivyooshwa mbalimbali. Kimoja kikigeuka siki, kingine kinaweza kulipa ndizi za juma linalofuata.